Mtoto ako na disleksia: namna ya kupata repetiteri anayefaa na kumulipa

Mtoto amefika darasa ya tatu. Anahesabu vizuri, anajibu kwa mdomo bila shida, lakini kusoma kunamushinda. Mwalimu anasema ni muvivu, nyumbani anapigwa, mwisho wa mwaka anarudilia darasa. Pengine hii shida iko na jina: disleksia.

Disleksia ni nini?

Ni ugumu wa kuunganisha herufi na sauti yake. Si bulozi, si ujinga, na haina dawa ya kumeza. Mara nyingi iko katika jamaa: baba ao shangazi naye aliteseka na kusoma. Mtoto anasoma polepole sana, anachanganya b na d, anaruka silabi. Lakini ukimusomea hadithi, anaielewa yote. Mbele ya yote, apimwe macho na masikio, juu mtoto asiyeona ubao vizuri naye anashindwa kusoma.

Nani anaweza kusaidia?

Mtaalamu wa mambo haya ni ortofonisti, lakini katika majimbo yetu ni wachache sana. Ndiyo maana wazazi wanatafuta repetiteri, na hapo makuta mengi yanapotea. Repetiteri wa kawaida anarudilia tu devware: mtoto ananakili, kaye inajaa, kusoma bado.

Tafuta mwalimu aliyezoea darasa ya kwanza, umuulize: «Utaanzia wapi?» Jibu nzuri ni hii: sauti moja moja, kisha silabi, kisha neno, huku mtoto akiandika herufi kwa kidole kwenye mchanga na kuitaja. Nusu saa, mara tatu ao ine kwa juma, inafaa kuliko masaa matatu siku ya posho. Aanze na Kiswahili, ambamo herufi karibu zote zinasomwa vile zinaandikwa. Kifaransa ni ngumu zaidi: o, au na eau zote ni sauti moja.

Kulipa namna gani?

Tangu 2019 masomo ya msingi ya serikali ni ya bure, lakini repetiteri analipwa na muzazi mwenyewe. Usilipe mwaka muzima mara moja. Lipa kwa mwezi, kisha umupe mtoto maneno kumi ambayo hajaona, usikie anavyosoma. Wazazi wawili ao watatu wa kartie moja wanaweza kugawana bei, kama watoto wako kwenye kiwango kimoja. Mtu akikuahidia kumaliza disleksia kwa mwezi moja, umukatae. Hii kazi inaweza kuchukua miaka.

Na ku masomo?

Uone direktere na mwalimu. Uombe mtoto asilazimishwe kusoma kwa sauti mbele ya wenzake, aongezewe dakika kwenye eksame, na akubaliwe kujibu kwa mdomo. Hayo hayaombe franka hata moja. Mtoto anayechekwa kila asubuhi, repetiteri wa jioni hatamusaidia sana.