Uta na Gobori katika Ukanda wa Ruvuma

Karl Weule, mwanaethnografia kutoka Leipzig, alipozuru Masasi na Newala mwaka 1906, uta, yaani upinde wa mti unaovutwa kwa ugwe, ulikuwa umekwisha kupata mshindani, kwa kuwa magobori, bunduki zinazoshindiliwa baruti mdomoni, yalikuwa yameingia bara kwa njia za misafara ya pembe na watumwa iliyoshuka pwani hadi Mikindani. Hata hivyo, utawala wa Kijerumani ulipodai bunduki za walioshindwa katika Vita vya Majimaji (1905–1907), uta ulibaki na faida yake ya kale, kwani mti wake ulitoka porini, wala haukuhitaji baruti ya dukani. Leo, kwa kuwa sheria ya wanyamapori ya Tanzania ya 2009 inadai leseni ya uwindaji, anayeurejea ufundi wa uta hulenga shabaha badala ya mnyama.