Haki Jinai Zanzibar

Haki jinai Zanzibar ni mfumo wa upelelezi, mashtaka, hukumu na kifungo unaotumika Unguja na Pemba chini ya mamlaka mbili, Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar (SMZ) na Serikali ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania. Polisi anayekamata ni wa Muungano. Mwendesha mashtaka, hakimu na askari anayempokea mfungwa ni wa SMZ. Rufaa ya mwisho inarudi tena kwenye Muungano, isipokuwa katika mambo machache yaliyozuiwa na Katiba ya Zanzibar.

Msingi wa kikatiba

Hati za Muungano za mwaka 1964 zilitaja mambo 11 ya Muungano, polisi likiwa mojawapo. Orodha hiyo, ambayo leo ni Jedwali la Kwanza la Katiba ya mwaka 1977, imekua hadi mambo 22. Sheria ya jinai haimo. Kwa hiyo wizi wa kuku Micheweni na wizi wa kuku Mbagala huhukumiwa kwa sheria mbili tofauti: Bara ni Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, Zanzibar ni Sheria ya Adhabu Namba 6 ya 2018, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 2004, ambayo nayo ilifuta sheria ya enzi ya ukoloni.

Sheria ya Bunge haivuki bahari yenyewe. Ibara ya 64 ya Katiba ya Muungano inataka itamke wazi kwamba inatumika Zanzibar, na ibara ya 132 ya Katiba ya Zanzibar ya 1984 inataka ihusu jambo la Muungano na ipelekwe mbele ya Baraza la Wawakilishi.

Vyombo

Jeshi la Polisi linaongozwa na Inspekta Jenerali mmoja kwa nchi nzima, na chini yake yupo Kamishna wa Polisi Zanzibar. Rais wa Zanzibar ni mjumbe wa Baraza la Mawaziri la Muungano, lakini jeshi hilo haliko chini ya amri yake. Kwa mfano, baada ya mauaji ya waandamanaji Pemba mwezi Januari 2001, tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Brigedia Jenerali Hashim Mbita iliundwa na Rais wa Muungano.

Mashtaka yako chini ya Mkurugenzi wa Mashtaka wa Zanzibar, ambaye hapokei maelekezo ya mwenzake wa Bara. Rushwa hushughulikiwa na mamlaka ya Zanzibar ya kuzuia rushwa, ZAECA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2012. TAKUKURU, taasisi inayofanya kazi hiyohiyo, hubaki Bara.

Mahkama zinaanzia ya Mwanzo, ya Wilaya na ya Mkoa hadi Mahkama Kuu ya Zanzibar, yenye Jaji Mkuu wake. Mahkama za Kadhi hazisikilizi jinai. Juu ya zote ipo Mahakama ya Rufani ya Tanzania, iliyoundwa mwaka 1979 baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika. Haina mamlaka juu ya tafsiri ya Katiba ya Zanzibar wala masuala ya Kiislamu yaliyoanzia kwa Kadhi. Amri za mahakama za upande mmoja hutekelezwa upande wa pili kwa mujibu wa ibara ya 124 ya Katiba ya Muungano.

Magereza huitwa Vyuo vya Mafunzo na ni idara maalum ya SMZ, sawa na Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo (KMKM) na Jeshi la Kujenga Uchumi (JKU).

Kesi za uhaini

Hakuna kosa lililoonesha mipaka ya mfumo huu kama uhaini.

Mwaka 1969 Abdullah Kassim Hanga na Othman Shariff, viongozi wa zamani waliokuwa Bara, walikabidhiwa kwa Serikali ya Zanzibar na wakauawa huko. Makabidhiano hayo yalibaki doa, na inaelekea ndiyo yaliyoamua kilichofuata. Rais wa Zanzibar, Sheikh Abeid Amani Karume, alipouawa tarehe 7 Aprili 1972, Zanzibar ilitaka ipewe washukiwa waliokuwa Bara, akiwemo waziri wa zamani Abdulrahman Mohamed Babu. Safari hii Rais wa Muungano, Mwalimu Nyerere, alikataa. Babu alishikiliwa Bara bila kufikishwa mahakamani, huku Visiwani kesi ikiendeshwa mbele ya Mahkama ya Wananchi, chombo kisichoruhusu mawakili. Mwanasheria Mkuu Wolfango Dourado alisimama upande wa mashtaka na ndiye pia aliyewasilisha utetezi. Mwaka 1974 Babu alihukumiwa kifo bila kuwepo. Hukumu hiyo haikuweza kumfikia kwa sababu aliyekuwa na funguo za gereza alikuwa serikali nyingine. Aliachiwa mwaka 1978. Mahkama za Wananchi ziliondolewa kufuatia Katiba ya 1984.

Kesi ya pili ilizaa hoja ya kisheria ambayo haijazimika. Mwaka 1997 wanachama wa chama cha upinzani cha CUF walianza kukamatwa, na 18 kati yao wakashtakiwa kwa uhaini dhidi ya Serikali ya Zanzibar. Walikaa rumande karibu miaka mitatu. Mwezi Novemba 2000, Rais Amani Abeid Karume wa Zanzibar akiwa ndio kwanza ameingia madarakani, waliachiwa huru. Mwezi huohuo Mahakama ya Rufani, katika shauri la SMZ dhidi ya Machano Khamis Ali na wenzake 17, ilitamka kwamba uhaini hutendwa dhidi ya dola yenye mamlaka kamili, na dola hiyo ni Jamhuri ya Muungano, si Zanzibar. Washtakiwa walikuwa wamefungiwa kosa ambalo Zanzibar haikuwa na uwezo wa kutendewa.

Uamuzi huo ulipokelewa kwa furaha na wapinzani wa SMZ wa siku zile, ingawa wengi wao ndio waliotetea mamlaka makubwa zaidi ya Visiwa. Mwaka 2008 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alisema bungeni kwamba Zanzibar si nchi, na mjadala ukawaka upya. Miaka miwili baadaye marekebisho ya kumi ya Katiba ya Zanzibar yaliandika kwamba Zanzibar ni miongoni mwa nchi mbili zinazounda Jamhuri ya Muungano.

Ugaidi

Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2002 inatumika pande zote mbili. Chini yake viongozi wa jumuiya ya Kiislamu ya Uamsho, waliokuwa wakiendesha harakati zao Zanzibar, walifunguliwa mashtaka Dar es Salaam, na mawakili wao wakapinga mahakama ya Bara kusikiliza tuhuma hizo. Mashtaka yalifutwa mwezi Juni 2021 kabla ya hukumu.

Hali ya sasa

Zanzibar imeanzisha mahkama maalum ya makosa ya udhalilishaji. Mwaka 2023 Rais Samia Suluhu Hassan, mzaliwa wa Zanzibar, aliunda tume ya kuangalia taasisi za haki jinai chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, nayo ikakabidhi ripoti yake mwezi Julai mwaka huohuo. Polisi bado ni jambo la Muungano.