Karatasi za Luteni Waldheim

Askari wa jeshi la Hitler alitembea na kijitabu katika mfuko wa kifuani, upande wa kushoto. Wajerumani walikiita Soldbuch. Sold ni ujira wa askari, Buch ni kitabu, kwa hiyo mfasiri mwenye haraka ataandika “kitabu cha mshahara” na kuendelea na safari yake. Msomaji naye atadhani ndani mna hesabu za fedha. Malipo yamo, lakini yamo pamoja na namba ya kibati cha shingoni, kundi la damu, saizi ya barakoa ya gesi na ya viatu, rangi ya nywele na macho, anwani ya mke au mama, sare alizokabidhiwa, chanjo, hospitali alizolazwa, nishani na likizo. Ukurasa wa kwanza unatamka wazi kwamba kijitabu hicho ni kitambulisho pia. Mimi hukiita kijitabu cha askari. Naupoteza ujira katika jina, nampata mwenye kijitabu.

Kitabu cha pili ndicho kinachowachanganya wengi. Wehrpass, ambayo naiita pasi ya jeshi, ilitolewa siku kijana alipopimwa na kuandikishwa, kabla hajavaa sare. Alikaa nayo nyumbani mpaka alipoitwa. Siku ya kuingia jeshini aliikabidhi, akapewa kijitabu cha askari, na tangu hapo pasi ilikaa katika ofisi ya kombania yake. Karani ndiye aliyeijaza. Askari akimaliza utumishi, vitabu hubadilishana tena. Akifa, pasi hutumwa kwa familia. Ndiyo maana katika nyumba nyingi za Ujerumani imebaki pasi peke yake, na picha ya kijana aliyevaa koti la kiraia.

Mtafiti asiyejua tofauti hiyo husoma vitabu viwili kana kwamba vimeandikwa na mkono mmoja. Kijitabu cha askari kililowa mvua na jasho, na kililazimika kukubaliana na mwili uliokibeba, kwa sababu mlinzi wa barabarani angeweza kukidai wakati wowote. Pasi ilikaa kabatini. Orodha yake ya vita na mapigano mara nyingi ni maneno yaliyonakiliwa kwa kikosi kizima, hata kwa yule aliyekuwa likizo. Nikikuta mapigano yameandikwa katika pasi na tarehe zilezile zikaonekana katika kijitabu cha askari kama siku za hospitali, naamini hospitali.

Kibati nacho kina mtego wake. Erkennungsmarke ni kipande cha bati chenye umbo la yai na vitobo vya kukikata katikati. Askari akifa, nusu moja hubaki na maiti na nusu ya pili hupelekwa ofisini. Jina la mtu halimo. Kilichochongwa ni kikosi kilichompa kibati hicho pamoja na namba yake, na kikosi hicho mara nyingi ni kile cha mafunzo cha mwanzo kabisa. Anayekisoma kama anwani ya kifo atamzika mtu katika kikosi alichokiacha miaka mitatu nyuma.

Taarifa za vibati, vifo, majeraha na mateka zilikusanywa Berlin, katika ofisi iliyoanzishwa Agosti 1939, siku chache kabla ya Poland kuvamiwa. Kadi zake kuu ni zaidi ya milioni 18, na tangu Januari 2019 zimo chini ya Hifadhi ya Nyaraka ya Shirikisho. Katika kadi hizo kuna neno linalonisumbua kuliko mengine: vermisst. Wapo wanaoandika “alitoweka”. Kwa Kiswahili anayetoweka ametenda jambo, huenda amekimbia. Neno la Kijerumani linasema kwamba wenzake walimtafuta wasimwone. Naandika “hajulikani alipo”, maana ndilo neno ambalo mama angepewa mlangoni, na angeishi nalo miaka.

Vifupisho vya daktari na karani vinataka uangalifu uleule. Kv ni mtu anayefaa kwa vita. Uk ni mtu ambaye kazi yake ya kiraia haiwezi kumwachia. Halafu kuna n.z.v., herufi tatu zenye maana ya “asitumike”. Kwa amri ya Aprili 1940, herufi hizo ziliingizwa katika pasi za wanaume waliohesabiwa kuwa nusu Wayahudi, na za waliooa wake Wayahudi. Baadhi yao walikuwa wamepigana Poland miezi michache tu kabla. Mfasiri akiandika “ameachishwa utumishi” hajasema uongo, lakini ameificha serikali iliyomwachisha, na sababu yake.

Karatasi ya tatu ndiyo iliyotikisa dunia. Wehrstammkarte ilikaa serikalini tangu kijana alipoandikishwa. Stamm ni shina, na Watanzania wanalijua shina kama ngazi ya chini kabisa ya chama. Hapa, hata hivyo, linalofaa ni “daftari la kudumu”, tulilolizoea wakati wa uchaguzi: kadi hiyo ni dondoo la daftari la kudumu la askari.

Machi 1986 jarida la Profil la Vienna lilichapisha habari za kadi ya Kurt Waldheim. Wasomaji wa Afrika Mashariki wana sababu ya kulikumbuka jina hilo. Alikuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa kuanzia 1972 hadi 1981, akataka kipindi cha tatu, na aliyesimama mbele yake alikuwa Salim Ahmed Salim wa Tanzania. China ilimzuia Waldheim kwa kura ya turufu, Marekani ikamzuia Salim, kiti kikaenda kwa Javier Pérez de Cuéllar wa Peru. Miaka minne na kitu baadaye, Waldheim alikuwa akigombea urais wa Austria. Simulizi yake ya vita ilikuwa fupi: alijeruhiwa mguu Urusi mwishoni mwa 1941, akarudi Vienna kusoma sheria.

Masomo yalikuwa ya kweli, na jeraha pia. Lakini kadi ilionyesha uhusiano wake na kikosi cha wapanda farasi cha SA, mgambo wa chama cha Nazi, na umoja wa wanafunzi wa Kinazi, na nyaraka nyingine zikaonyesha kwamba kati ya 1942 na 1944 alitumikia Balkani, sehemu kubwa ya muda huo katika makao makuu ya Kundi la Majeshi E huko Arsakli, karibu na Thessaloniki, chini ya Jenerali Alexander Löhr. Alijieleza kwanza kama mkalimani. Ukalimani aliufanya kweli kwa muda. Karatasi za makao makuu, hata hivyo, zinamtaja kwa cheo kingine: O3.

O3 ni Ordonnanzoffizier wa tatu katika idara ya habari za adui. Ordonnanz inatokana na amri, na kamusi zinaruhusu “tarishi”. Ukiandika “tarishi wa tatu” umemsafisha kwa neno moja, kwa kuwa tarishi hubeba bahasha asizozifungua. Ukiandika “mpelelezi” umemhukumu kwa kazi ambayo haikuwa yake. Kazi yake ilikuwa kupokea taarifa za vikosi, kuzichuja, kuandaa ripoti ya hali ya adui na kuitia herufi W. Naandika “ofisa msaidizi wa taarifa za adui”. Ni jina refu, ila linamweka mezani mahali alipokuwa. Tume ya kimataifa ya wanahistoria, iliyotoa ripoti Februari 1988, haikumkuta na jinai aliyoitenda kwa mkono wake. Ilimkuta karibu mno na habari za jinai zilizotendwa. Wakati huo alikuwa tayari rais, na Marekani ilikuwa imekwisha kumweka katika orodha ya wasioruhusiwa kuingia nchini humo.

Ndani ya ripoti za aina hiyo, na ndani ya pasi za askari wa kawaida waliotumwa Balkani au Belarusi, limo neno Bandenkampf. Mpaka 1942 hati zilizungumza zaidi juu ya maparitizani, yaani wapiganaji wa msituni. Mwaka huo Himmler, mkuu wa SS, alitaka waitwe magenge, na agizo la Hitler la tarehe 18 Agosti 1942 lilitumia lugha hiyohiyo. Januari 1944 ikaundwa hata beji ya “mapambano dhidi ya magenge”. Nikitafsiri “kupambana na majambazi” bila alama za kunukuu, nimemkopesha Himmler ulimi wangu. Kiswahili kilishapitia jambo hili na Wajerumani haohao. Maofisa wao waliandika kwamba yaliyotokea kusini mwa Tanganyika kati ya 1905 na 1907 yalikuwa Aufstand, yaani uasi. Sisi tunasema Vita vya Majimaji, na aliyepigana humo hatumwiti mwasi.

Kwa hiyo neno la hati naliacha ndani ya alama za kunukuu, na pembeni yake naandika tarehe na mahali, kisha yaliyotokea hapo. Katika rekodi ya Waldheim kuna nishani ya Taji la Mfalme Zvonimir, aliyotunukiwa na serikali ya Kroatia mwaka 1942 akiwa na kikosi cha Bosnia Magharibi. Katika orodha ya nishani ni mstari mmoja. Operesheni kubwa ya kikosi hicho, Juni na Julai mwaka huo, ilikuwa katika mlima wa Kozara. Maelfu kwa maelfu ya wanavijiji, watoto wakiwemo, walikusanywa wakapelekwa kambini, wengine Jasenovac. Waldheim alikuwa katika idara ya ugavi ya kikosi hicho.