Gari la jana, muziki wa leo

Panda teksi yoyote mjini halafu tazama mbele ya dereva. Utakuta kuna kitu kimechomekwa: simu, flashi, au kile kidude kinachokaa kwenye tundu la kuwashia sigara huku kikimetameta taa ya bluu. Tumekizoea mpaka hatukioni tena. Mimi nadhani kinastahili kuangaliwa vizuri, maana nyuma yake kuna ubishi wa miaka mingi kuhusu swali moja: nani anaamua kinachosikika ndani ya gari? Aliyelitengeneza, anayetangaza redioni, au aliyeshika usukani?

Haya, twende taratibu.

Wa kwanza kuamua alikuwa mtangazaji. Mwaka 1930 Paul Galvin na mdogo wake Joseph, wa Chicago, walitoa redio ya gari waliyoiita Motorola, jina la kuunga "motor" na ile "ola" iliyokuwa mtindo kwenye majina ya vinanda na santuri za wakati huo. Paul aliendesha gari hadi Atlantic City kwenye mkutano wa watengenezaji wa redio. Hakuwa na kibanda, akaegesha nje na kufungulia sauti watu wasikie. Redio ile iliuzwa zaidi ya dola 100, fedha nyingi sana kwa Marekani iliyokuwa inaingia kwenye mdororo wa uchumi. Ikanunuliwa hata hivyo. Lakini muziki wake ulikuwa wa mtu mwingine. Wewe ulichoweza ni kuwasha, kuzima na kubadili stesheni.

Wa pili kujaribu alikuwa mtengenezaji wa gari. Mwaka 1956 Chrysler walileta santuri ndani ya gari, mtambo ulioitwa Highway Hi-Fi. Mbunifu wake alikuwa Peter Goldmark wa CBS, ambaye kundi lake ndilo lilileta santuri ya LP mwaka 1948. Sindano kwenye gari linalorukaruka! Cha ajabu, kuruka kwa sindano hakukuwa tatizo lake pekee. Santuri zake zilizunguka mara 16 na theluthi mbili kwa dakika, kasi ambayo santuri zako za nyumbani hazikuwa nayo, hivyo ilikubidi ununue zilizotengenezwa kwa ajili ya gari hilo, na orodha yake ilikuwa fupi. Mtambo haukudumu. Mwaka 1965 Ford nao wakaleta mkanda wa njia nane, kazi ya Bill Lear, yule yule wa ndege za Learjet. Huo ulipendwa sana Marekani, lakini ulikuwa mkubwa kama kitabu, haurudishwi nyuma, na wimbo mwingine ulikatwa katikati ili mkanda uhamie njia nyingine.

Kumbuka hapo: katika yote mawili, anayeamua bado ni mwenye kiwanda.

Mabadiliko yaliletwa na kaseti. Philips waliionyesha Berlin mwaka 1963, ikiwa kazi ya kundi la mhandisi Lou Ottens. Uamuzi mkubwa ulikuja baadaye kidogo, pale Philips walipokubali viwanda vingine viitengeneze bila kulipia, mradi wafuate vipimo vile vile. Kwa hiyo kaseti ya Uholanzi iliingia kwenye deki ya Japani na kwenye gari la Ujerumani. Kingine ni kwamba mtu wa kawaida aliweza kurekodi mwenyewe. Kwetu huku jambo hili lilikuwa kubwa. Waliokua wakati wa kaseti wanakumbuka vibanda vya kurekodia: unaandika orodha ya nyimbo zako kwenye karatasi, taarab, dansi, Wakongo, na jioni unakuja kuchukua kanda yako. Ukiitia kwenye gari, kwa mara ya kwanza redio inakutii wewe.

Sasa ndipo tatizo la leo lilipozaliwa. Mwaka 1979 Sony walitoa Walkman, na mwaka 1984 wakatoa kichezeo cha CD cha kubeba, D-50. Muziki ukahamia mkononi na mfukoni. Gari lakini halibadilishwi kama kichezeo. Mtu alikuwa na CD mpya na gari lenye deki ya kaseti, na vitu hivyo viwili havikuwa na lugha ya pamoja.

Suluhisho lililokuja lilikuwa la ujanja mtupu. Mwaka 1988 Mmarekani Larry Schotz alipata hataza ya kaseti bandia, ile yenye waya unaoning'inia. Ndani yake hakuna mkanda wa muziki. Kuna kichwa kidogo chenye sumakuumeme kinachotazamana na kichwa cha deki. Kazi ya deki ni kusoma mabadiliko ya usumaku, basi. Haijui kama yanatoka kwenye mkanda au kwenye koili iliyounganishwa na CD yako. Na ili deki isishtuke na kuitema kaseti, ndani huwekwa gia ndogo zinazozunguka kana kwamba mkanda unatembea. Mtengenezaji wa gari hakuombwa ruhusa, na redio haikufunguliwa hata skrubu moja.

Upande wa pili wa waya ule kuna pini ya milimita 3.5, nayo ina ukoo wake. Babu yake ni ile pini nene ya mabodi ya simu ya karne ya 19, wakati opereta alipounganisha watu wawili kwa kuchomeka waya kwa mkono. Ilipunguzwa ikaingia kwenye redio ndogo za transista, halafu Walkman ikaisambaza duniani kote. Apple walipotoa iPod mwaka 2001, pini ile ile iliingia bila maswali. Pini ya kizazi cha opereta ikabeba faili la MP3!

Watengenezaji wa magari walichelewa. Juni 2004 BMW na Apple walitangaza kiunganishi cha iPod ndani ya gari, na miaka iliyofuata tundu la AUX likaanza kuonekana hata kwenye magari ya kawaida. Ambaye gari lake halikuwa na tundu wala deki ya kaseti alibaki na njia moja: kituo kidogo cha redio. Kile kidude cha tundu la sigara ni hicho hasa. Kinachukua muziki wako na kuurusha kwa mawimbi ya FM mita chache tu, redio ya gari inaupokea kama stesheni nyingine yoyote. Uingereza vilikuwa haramu kuvitumia mpaka tarehe 8 Desemba 2006, pale mamlaka ya mawasiliano, Ofcom, ilipoviruhusu kwa sharti kwamba nguvu yake isizidi nanowati 50. Yaani wewe na iPod yako mlihesabiwa kuwa kituo cha redio kisicho na leseni.

Hapo sasa tuje nyumbani, maana hadithi yetu ina kona ambayo Mwingereza hakuipita. Magari yetu mengi yametumika Japani kwanza. Redio ya Kijapani ilitengenezwa kupokea FM kuanzia megahezi 76 hadi 90, kwa sababu juu ya hapo, 90 hadi 108, kwao palikuwa pa televisheni. Sisi FM yetu ni 87.5 hadi 108. Matokeo yake unalipokea gari bandarini likiwa zima kabisa, halafu Capital FM ya Nairobi, iliyo 98.4, haipo kabisa kwenye redio hiyo. Fundi anafunga kiboksi cha kushusha masafa, kwa mfano kwa megahezi 20, na 98.4 inasikika ukiweka 78.4. Na kile kidude cha kurusha muziki? Kinapokutana na redio ya Kijapani ambayo haijafungwa kiboksi, mnabaki na uwanja wa 87.5 hadi 90 tu, ambao mjini mara nyingi umeshakaliwa na stesheni zenye mitambo mikubwa. Ndiyo maana mara nyingine wimbo wako unamezwa na tangazo la sabuni. Japani wenyewe walianza kutumia 90 hadi 95 kwa FM mwaka 2014, baada ya televisheni ya analojia kuzimwa.

Mengine mnayajua. Utaratibu wa kupeleka muziki kwa Bluetooth ulitoka mwaka 2003 na ukachukua miaka mingi kufika kwenye magari ya watu wa kawaida. Gari la Lexus SC 430 la mwaka 2010 linatajwa kuwa la mwisho kuuzwa jipya Marekani likiwa na deki ya kaseti. Mwaka 2016 Apple waliondoa tundu la pini kwenye iPhone 7, na mwaka 2022 wakasimamisha iPod yenyewe.

Kwa nini naandika yote haya? Kwa sababu naona lile swali la kwanza linarudi. Mwaka 2023 General Motors walitangaza kwamba magari yao mapya ya umeme hayatakuwa na CarPlay wala Android Auto, yaani skrini itaendeshwa kwa programu zao. Mwaka mmoja kabla, kampuni ya simu ya AT&T ilizima mtandao wa 3G Marekani, na magari ya miaka michache tu yakapoteza huduma zilizotegemea mtandao huo. Injini nzima, viti vizima, huduma imekufa.

Mmarekani aliyenunua gari jipya ataudhika kisha atabadilisha gari. Sisi je? Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, na gari la miaka 7 kwa wengi wetu ndilo "jipya". Tutaendesha hilo miaka mingine 15. Kila uamuzi wa kiwanda kuhusu skrini ya leo utalipiwa na mnunuzi wa pili na wa tatu, na huyo ndiye mimi na wewe. Kaseti bandia na tundu la AUX havikuomba nenosiri, havikuhitaji seva ya mtu Detroit au Tokyo, na vilikubali kifaa ambacho siku vinatengenezwa kilikuwa hakijabuniwa.

Kwa hiyo, ndugu yangu unayejikusanya ununue gari, kagua injini, kagua bodi, piga teke matairi kama ilivyo ada. Halafu inama chini ya redio utafute lile tundu dogo la duara. Ukilikuta, jua kuna neno moja kwenye gari hilo ambalo bado ni lako kulisema.