Mbio za Mtaani Ndani ya Mashine: Historia Fupi

Mhariri wetu aliponitaka niandike makala ya historia kwa toleo hili la mkutano wetu, nadhani alitarajia Vita vya Maji Maji au ujenzi wa Reli ya Kati. Wapo wenzangu wanaoyaweza hayo kunishinda. Mimi napenda kuwaeleza ndugu wasomaji, wa zamani na mlioko madarasani leo, habari za mchezo mmoja wa video wa mbio za magari, Need for Speed: Underground, uliotolewa mwaka 2003. Nao una asili yake, na uzuri na kero zake havifahamiki vema bila ya kuijua asili hiyo.

Mwaka 1974 kampuni ya Atari ya Marekani ilitoa mashine iitwayo Gran Trak 10, yenye usukani, gia na pedali za miguu. Gari lenyewe lilikuwa alama ndogo tu ya nuru, ikitazamwa kutoka juu. Mwaka 1982 Namco ya Japani ikaleta Pole Position, ambamo mchezaji hulitazama gari lake kwa nyuma, huku barabara ikimjia. Kisha mwaka 1986 Yu Suzuki wa kampuni ya Sega akatoa Out Run. Humo hamna mpinzani wa kumshinda. Mna gari jekundu, barabara yenye njia panda, na saa inayohesabu kurudi nyuma. Muda ukiisha, gari husimama, na mchezo umekwisha.

Sasa zingatieni jambo hili. Mashine hizo ziliwekwa katika kumbi, na mwenye ukumbi aliishi kwa sarafu. Mchezaji aliyeweza kukaa saa nzima kwa sarafu moja alikuwa hasara kwake. Hivyo ile saa ilikuwa karani wa fedha, na ugumu wa mchezo ndio uliolipa kodi ya pango.

Underground ulitengenezwa na EA Black Box huko Vancouver, Kanada, kwa ajili ya mashine za nyumbani na kompyuta. Sinema ya The Fast and the Furious ya mwaka 2001 ilikuwa imewatia vijana wazimu wa magari yaliyopambwa, na mchezo huu ulifuata upepo huo. Mbio zake zote ni za usiku. Lami inameta kama mvua imekatika sasa hivi, taa za maduka zinaonekana chini ya magurudumu, na ukifungua gesi ya naitrasi pembe za kioo huvurugika hata ukajishika kiti. Na magari yake tuliyajua majina: Toyota, Subaru, Mitsubishi, Nissan. Kijana wa kwetu, aliyezoea kuona magari yaliyotumika yakiletwa kutoka Japani, hakuhitaji kuelezwa.

Sifa kubwa naipa ile aina ya mbio za kunyooka, ambamo kazi ya dereva ni kubadili gia kwa wakati wake na kuhama mstari. Ukichelewa gia mno, injini inakufa. Ni mbio fupi, lakini viganja hulowa jasho. Ila humo humo gari la mpita njia laweza kukatiza kwenye njia panda, ukagongana nalo uso kwa uso, na hapo hapo mbio zako zimekwisha, hata kama ulikuwa umewaacha wenzako wote.

Kero iliyowachoma wachezaji kuliko zote ni wapinzani waliofungwa kwako kama kwa mpira wa manati. Ukiendesha vema kona kumi, hawaachwi mbali; ukigusa ukuta mara moja katika mzunguko wa mwisho, wanapita kama nzige. Watengenezaji walitaka mbio ziwe na msisimko hadi mwisho, nami naielewa hoja yao. Lakini mwanafunzi anayesoma mwaka mzima akapewa alama sawa na aliyefungua daftari jana, atauliza alisomea nini. Katika mchezo uliofuata, Underground 2 wa mwaka 2004, ikaongezwa kero nyingine: ili uendelee, lazima gari lako lipambwe vya kutosha kupigwa picha za jalada la gazeti. Nimeona magari mazuri yakigeuzwa kuwa masanduku ya harusi.

Nyumbani huko Ulaya na Marekani sarafu ilikuwa imekwisha kuondoka; aliyeshindwa alirudia bure. Kwetu ilirudi. Katika likizo za miaka ile tulicheza vibandani karibu na stendi ya mabasi, tukilipia kila mbio, watu sita tukigombea pedi moja. Kwa hiyo manati ile, iliyotengenezwa Kanada kwa ajili ya msisimko, ilifanya kwetu kazi ya saa ya Out Run: ilitutoa fedha mifukoni. Kuna jirani yangu wa bweni aliyemaliza nauli yake ya kurudia shule kwa mbio moja aliyoongoza mizunguko yote mitatu isipokuwa mita za mwisho.

Baada ya hapo vijana walibuni mbinu. Waliacha kuongoza. Walikaa wa pili kwa makusudi, gesi ikiwa imejaa, mpaka kona ya mwisho, kisha wakaifungua yote.