Kwa nini tunaandika "2 hadi 3" na si "2-3"

Hewani, sauti ya mtangazaji hufanya kazi ambayo katika maandishi hufanywa na alama. Kiswahili hakibadilishi mpangilio wa maneno mtu anapouliza swali la ndiyo au hapana. Kwa hiyo ukisoma, kiulizo peke yake ndicho kinachotenganisha "Mbolea imefika?" na "Mbolea imefika." Kikisahaulika, kuna atakayelipa nauli kwenda mjini bure.

Kinachotushughulisha zaidi ni kistari. Katika magazeti utaona "vijiko 2-3", maana yake viwili hadi vitatu. Kwenye kioo kidogo cha simu mstari unaweza kukatika hapohapo, 2 ikabaki juu na 3 ikashuka chini. Au mtu akinakili ujumbe kwa haraka kistari kinapotea, na kipimo cha dawa ya mifugo kinasomeka 23. Ndiyo maana tunaandika "vijiko 2 hadi 3", hata kama maneno yanakula nafasi.

Kistari cha kukata neno mwishoni mwa mstari tumewaachia wachapaji wa magazeti, wenye safu nyembamba. Wao hukata penye silabi, ma-ha-ra-gwe, wala hawatenganishi "ny" au "sh".

Ritifaa, ile alama iliyomo katika "ng'ombe", hatuiachi, ingawa kuitafuta kwenye simu kunachosha. "Ng'oa" ni kazi ya kupalilia magugu. "Ngoa" ni wivu.