Kaputula: namna nguo ya boyi iligeuka nguo ya mapumziko

Siku ya posho iliyopita nilikuwa hapa Kampemba, mahali ambapo familia zilizokimbia vita zilikuwa zinagawiwa nguo. Baba mmoja aliyepita miaka 80 alipewa kaputula nzuri, mpya, yenye mifuko mingi. Akaikunja, akairudisha juu ya meza.

Kijana aliyekuwa anagawa akashangaa. "Baba, hiyo ndiyo modi ya sasa. Hata mimi ninayo."

Mzee akajibu polepole: "Mwanangu, kaputula ni nguo ya boyi."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu marehemu babu yangu alikuwa akisema neno hilo hilo. Yule kijana hakusema uongo, na mzee pia hakukosea. Kila mmoja alikuwa anasoma ukurasa wake wa historia ya mji huu.

Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, na mji wa Élisabethville, Lubumbashi ya leo, ukafuata mwaka 1910. Wanaume walitolewa mbali kuja kuchimba na kuyeyusha shaba. Mkipata picha za wakati ule, angalieni miguu. Wafanyakazi wa migodi, kaputula. Askari wa Force Publique, kaputula. Boyi wa nyumbani, hata mwenye mvi kichwani, kaputula, na huyo ndiye aliyeitwa "boy", maana yake mtoto wa kiume. Kwetu ni mtoto anayetembea magoti wazi. Mtu mzima, baba wa watoto, alipovishwa kaputula alikuwa anaambiwa kila asubuhi kwamba bado hajakua. Ni kweli, Wazungu pia walivaa kaputula kwa ajili ya joto. Lakini wao waliivaa kwa kupenda, na jioni waliivua wakavaa suti.

Ndiyo sababu mtu aliyeanza kupata mshahara alitafuta patalo ndefu. Mwaka 1948 serikali ya Wabelgiji ilianza kutoa karata ya "mérite civique" kwa wale walioitwa évolués. Nani angekwenda kuomba karata ile magoti wazi?

Hata majina ya siku zetu yametoka kazini. Siku ya posho ni siku ambayo wafanyakazi walipewa chakula chao. Siku iliyofuata, siku ya Mungu, ilikuwa ya ngoma, na katika ngoma ndimo nguo za kazi zilipoanza kubadilika maana. Mbeni ilitoka pwani ya Kenya, ikasambazwa na askari na wapagazi wa vita vya 1914-1918, ikafika mpaka Katanga. Wachezaji walijipa vyeo na mavazi ya kijeshi.

Ngambo ya mpaka, Luanshya, mtafiti Clyde Mitchell aliandika juu ya ngoma ya Kalela katika kitabu chake cha mwaka 1956. Wachezaji wake walikuwa wafanyakazi wa kawaida, patalo zimepigwa pasi, viatu vinang'aa. Kati yao kulikuwa na "daktari" mwenye kanzu nyeupe na msalaba mwekundu kifuani, na "nesi" aliyewapitia na kioo na kitambaa ili wabaki safi. Kanzu ya hospitali ilikuwa imekuwa nguo ya kuchezea! Lakini ilivaliwa siku ambayo hakuna kapita wa kupiga kengele.

Sasa jinsi. Tarehe 20 Mei 1873, mfanyabiashara Levi Strauss na fundi cherehani Jacob Davis walipata haki ya uvumbuzi huko Marekani. Patalo za wafanyakazi zilikuwa zinapasuka mifukoni, basi wao wakazishika kwa vifungo vidogo vya shaba. Ndiyo, shaba. (Sisemi ilikuwa shaba yetu, Union Minière ilikuwa haijazaliwa.) Baadaye sinema za makauboi zikaipeleka jinsi kila mahali, na katika miaka ya 1950 vijana wa Léopoldville waliojiita Bills wakaanza kuvaa kama makauboi. Hawakuwa na ng'ombe hata mmoja.

Lakini nguo ya kazi haigeuki modi kila mara. Union Minière ilitaifishwa mwaka 1967, ikawa Gécamines, na salopeti yake ilikuwa na maana ya mshahara, hospitali, shule ya watoto, unga nyumbani. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka katika kile kilichoitwa "départs volontaires". Ninajua nyumba ambamo salopeti ya baba ingali imetundikwa ukutani. Hakuna mtoto anayethubutu kuivaa kwenda kutembea. Na mchimbaji anayerudi kutoka shimoni hapigi picha na bote zake, anaziacha mlangoni. Anayepiga picha na bote za kazi ni yule ambaye bote zake hazijaona udongo.

Kwa hiyo wale wanaogawa nguo nawaomba kitu kidogo: muulizeni mtu kabla ya kumpa. Aliyeacha nyumba na shamba amebaki na mambo machache ya kujichagulia.

Yule baba alipata patalo nyeusi mwishoni, ndefu kupita miguu yake. Jioni binti yake akaikata, akashona pindo kwa mkono. Kaputula ilichukuliwa na mjukuu wake wa miaka 16, na siku ya Mungu aliivaa kwenda kutazama mpira.